Homa Iliyonikataa

Mama mkwe wangu aliniuliza ninakula nini. Hakuniuliza kwa wema. Alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na ungo mkononi, ananitazama nikisugua vyungu, na mvua ya Walikale ilikuwa imepiga tangu juma lililotangulia bila kupumzika. Mvua ya namna hiyo njo inaleta homa. Nyumba ya jirani walikuwa wamelala wote. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa bwana wangu, alikuwa anatetemeka chini ya blanketi mbili hata kitanda chake kilisikika mpaka nje. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya vyungu na mimba kubwa mbele yangu.

"Weye unakulaka nini?" akasema. "Mabibi yote ya kutoka milima yanaanguka. Weye unasimama kama muti."

"Ninakula sombe yenu ya majani ya muhogo, Mama. Na bugali yenu."

"Sombe yetu haizuie homa. Ingezuia, na sisi tusingelala."

Nikaendelea kusugua. Nilidhani ni maneno ya mama mkwe, yale ambayo kila mama mkwe anayo akibani. Sikujua kwamba siku ile tayari alikuwa ameanza kunihesabia kesi.

Mimi ni mtu wa juu, upande wa Mushaki, kwenye baridi na ng'ombe na maharage. Huko mbu ni wachache, na mtoto anaweza kukua mpaka kubarikiwa kanisani bila kujua kutetemeka ni nini. Nilisoma sekondari kwa masista, wakati wasichana wa kusoma walikuwa wachache kiasi kwamba watu walituonyesha kidole sokoni. Bwana wangu alikuwa mwalimu aliyepandishwa kutoka Walikale kuja kufundisha kwetu. Alipotaka kunishusha kwao, mama yangu alilia kabla hata ya kufunga mizigo. Kwetu msichana akiolewa msituni wanamlilia kidogo mapema, wasije wakachelewa. Alinipa kinini, vidonge vya homa, na majani makavu ya mubirizi, machungu kama nyongo, nichemshe ninywe mvua ikianza.

Kabla ya ndoa wazee wa pande zote mbili walichunguzana, kama desturi. Waliuliza kama kwetu kuna kifafa. Wakauliza ukoma, uchawi, wizi wa mbuzi, wanawake wanaokimbia mabwana. Na wazee wetu wakauliza hayo hayo kwao. Walichunguza mpaka mjomba aliyewahi kufungwa huko Goma. Damu hakuna aliyeiuliza. Nani angeuliza damu? Damu ni nyekundu kwa kila mtu.

Shemeji yangu naye alikuwa ameoa msichana wa kwetu, wa kilima cha pili kutoka kilima chetu. Misimu miwili ya mvua ilimtosha. Homa ilimpanda kichwani, mimba ikatoka, kaka zake wakashuka na kumbeba juu ya machela mpaka kwao, na hakurudi tena. Kisha nikaja mimi. Watu wa pale walikuwa wananingojea nianguke. Mwanamke mmoja alinipa pole kabla ya ugonjwa. Sikuanguka. Kuna siku mwili uliniwaka kidogo, nikanywa mubirizi, kesho yake nikashika jembe. Basi. Nilijivuna, niseme ukweli. Nilidhani ni nguvu zangu mwenyewe.

Mtoto wangu alizaliwa mzuri, mnene, msichana. Mama mkwe alimnyanyua mwenyewe na kumtemea mate ya baraka. Kwa miezi kadhaa tuliishi vizuri. Mtoto alipoanza kukaa, asubuhi moja aliamka analia kilio ambacho sikukijua, na nilipomfunua nikaona mikono yake imevimba. Vidole vilikuwa kama ndizi fupi zile za kuchoma. Miguu vilevile. Nikimgusa anapiga kelele, nisipomgusa anapiga kelele. Uvimbe ukakaa siku kadhaa, ukaisha, ukarudi. Macho yake yakawa ya njano kama mawese. Tumboni upande wa kushoto, chini ya mbavu, kulikuwa na kitu kigumu ambacho mama mkwe alikishika kwa vidole na kukiita bandama.

"Ugonjwa huu naujua," akasema. Alinitazama tu.

Na mimi nikamtazama. Maana nilikuwa nimekwisha kujiuliza nani anamlisha mtoto wangu ninapokwenda shambani.

Sasa nieleze desturi moja, kwa sababu ilitupotezea wakati mwingi. Kwetu juu na kwao chini jambo hili ni sawa: ukimpa mtu kasiksi, pombe yetu ya ndizi, unaonja wewe kwanza mbele ya macho yake, ajue hakuna sumu. Kwa mgeni hiyo ni heshima, na hakuna anayeifikiria. Lakini ukimwambia mtu wa nyumba yako mwenyewe aonje, umemtukana mbele ya Mungu na watu. Mimi nilimwambia mama mkwe. Alikuwa ameshika kikombe cha uji wa mtoto, nikasema, "Mama, onja kwanza."

Akainua kikombe akanywa, akanywa, mpaka nikaona chini ya kikombe. Akafuta mdomo kwa kikwembe alichojifunga.

"Nimeonja," akasema. "Sasa mutoto wako atakunywa nini?"

Tangu siku ile hakula chochote nilichopika bila mimi kuanza. Nikiweka sombe mezani, anasukuma sahani kwangu. Akiweka yeye, ninaisukuma kwake. Bwana wangu anakaa katikati, anangoja wanawake wawili wamalize kuonjana, chakula kinapoa. Siku moja alisema, "Hapa kwetu mutu anaweza kufa na njaa mbele ya chungu kimejaa," na hakuna aliyecheka.

Na mtoto aliendelea kuvimba. Uji wake niliupika mwenyewe, maji yake niliyateka mwenyewe, na bado alivimba. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilitafuta njia nyingine ya sumu: mafuta ambayo mama mkwe anampaka, sabuni, kitambaa, ile kamba ya kiunoni aliyomfunga alipozaliwa. Kamba niliikata nikaitupa chooni. Mama mkwe alipoona kiuno cha mtoto kitupu alikwenda moja kwa moja kumwita mufumu, mpiga ramli wao.

Mufumu alikuwa mtu msafi, mwenye koti, anayeongea polepole. Alimshika mtoto vizuri kuliko nilivyotaka. Alikandamiza bandama, akatazama macho, akanusa mikono. Kisha akasema, bila kuangalia mtu yeyote:

"Huyu mutoto damu yake iko inanyonywa. Na mwenye kuinyonya, homa haimukamate. Anashiba."

Nyumba nzima ikanigeukia. Hakuhitaji kutaja jina.

Shemeji yangu ndiye mkuu wa nyumba tangu baba yao afe. Akatoa amri. Mufumu atarudi mwezi utakapoandama, na wembe wake, achanje mikono na bandama damu mbaya itoke. Lakini kwanza mimi nitoe dawa yangu, ile niliyopewa kwetu, niiweke chini mbele ya watu. Nisipoitoa, nirudi Mushaki. Mtoto atabaki, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wa baba.

"Dawa yangu ni mubirizi," nikasema. "Chukueni. Unaota hata nyuma ya choo chenu."

"Hiyo haiko dawa yenyewe," akasema shemeji.

Nikamtazama bwana wangu. Mwalimu. Mtu aliyefundisha watoto wa watu kwamba homa inaletwa na mbu, akawachorea mbu ubaoni, na miguu yake sita. Alikuwa anatazama kucha zake.

Siku chache baadaye mtoto akashikwa na homa juu ya yale maumivu. Alilegea shingo. Sikuomba ruhusa kwa mtu. Bwana wangu alikuwa darasani, mama mkwe shambani. Nilimfunga mgongoni nikasimama barabarani, lori la mawese likanichukua mpaka hospitali ya misheni. Njiani nilikaa juu ya mapipa, na kila lori lilipoingia shimoni mtoto alitoa sauti ndogo, na mimi nilimshukuru Mungu kwa sauti ile, kwa sababu ilikuwa sauti.

Hospitali haikunipa moyo. Munganga, daktari wa pale, alikuwa mzungu kijana, mwekundu wa macho, anaongea Kifaransa cha haraka. Walimpa mtoto kinini na maji kwa sindano, wakampunguzia homa. Hayo sikuyakatalia. Lakini kisha alitoboa kidole cha mtoto na kuweka tone la damu kati ya vioo viwili vidogo, akavifunga pembeni kwa mafuta mazito, akaviweka kando kama mtu anayengoja kitu kiive. Mimi nimekua nasikia habari za mutumbula, mzungu anayewinda watu kwa ajili ya damu yao. Masista walitufundisha kwamba ni ujinga. Lakini ukiona mzungu anafunga damu ya mtoto wako ndani ya kioo na kukaa kuitazama, mafundisho ya masista yanakwenda mbali kidogo.

Kisha akaniuliza kabila langu.

Miaka hii, mtu wa kwetu Masisi akiulizwa kabila anatazama kwanza muulizaji ameshika nini mkononi. Huyu alishika kalamu. Nikamwuliza kwa Kifaransa kwa nini anataka kujua. Alishtuka kusikia Kifaransa, akavua miwani. Akasema ugonjwa huu anauona sana kwa watu wa msituni na mabondeni, si sana kwa watu wa juu. Je, kwetu kuna aliyetoka chini?

Kulikuwa. Nyanya yangu, mama wa mama yangu, alitoka msituni. Aliolewa juu akiwa msichana, na mpaka anakufa alilalamika kwamba maharage yetu hayana mafuta. Sikuona sababu ya kumwambia mzungu habari za nyanya yangu. Nilimwambia hata hivyo, kwa sababu mtoto alikuwa amelala mikononi mwangu.

Akanitoboa na mimi kidole. Baadaye akasema anataka damu ya baba.

Nikatuma neno kwa dereva wa lori. Nilidhani bwana wangu atangoja Jumapili. Alifika kesho yake asubuhi, shati la kanisani, na mama yake nyuma yake. Nikaelewa upesi. Walidhani munganga anataka kujua baba wa mtoto ni nani. Mama mkwe hata hakuficha. Alikaa kwenye benchi la baraza, akaweka mikono juu ya magoti, akasema:

"Vizuri. Damu itasema."

"Itasema nini, Mama?"

"Itasema yenye inajua."

Munganga alitoboa kidole cha bwana wangu, akafunga tone lake kwenye kioo. Tukangoja. Kisha akatuita tuchungulie katika ile mashine ya kukuza. Mimi nilikuwa wa kwanza, sikungoja kuambiwa. Alinionyesha kwanza damu iliyotolewa sasa hivi: vitu vya mviringo vingi, kama sahani zilizomwagwa. Kisha akaweka kioo cha mtoto, kilichokaa. Sahani zilikuwa zimejikunja. Zilikuwa nyembamba, zimechongoka pande mbili, kama mundu wa kukatia ng'ombe majani. Damu ya bwana wangu: mundu. Damu yangu: mundu.

Nikamwambia mzungu, "Labda kila damu ukiifungia inafanya hivyo. Toboa yako."

Bwana wangu alisema jina langu kwa sauti ya chini, kama ya mtu anayeona mke wake anavuka mto mahali pabaya. Lakini munganga alijitoboa. Akafunga tone lake, tukakaa tena kungoja. Nilipochungulia, sahani zake zilikuwa sahani. Nikachungulia tena. Nilitaka sana zijikunje.

Nikamwomba amtoboe na mama mkwe. Mama mkwe aliingiza mikono yote miwili chini ya kikwembe.

"Yangu haitoke," akasema. "Miye sikuje kuuza damu."

Munganga alitueleza hivi. Kila mtu ana sehemu mbili za jambo hili, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Ukipata sehemu moja ya mundu na moja nzima, huugui. Unalima, unazaa, hujui. Zaidi ya hapo, homa ya mbu ikikuingia haikuwezi sana, haipandi kichwani. Njo maana, akasema, damu hii iko nyingi mahali mbu ni wengi: watoto wenye sehemu moja wanabaki hai wakati wengine homa inawachukua. Lakini mtoto akipata mundu kutoka pande zote mbili, damu yake inajikunja ndani ya mishipa, inaziba, mikono inavimba, mifupa inauma. Na mtoto wa namna hiyo hana ile kinga ya wazazi wake. Homa inamwua upesi kuliko mwingine.

"Mtoto huyu hakuweza kuupata kwa mzazi mmoja," akasema. "Lazima mama na baba."

Bwana wangu akatabasamu.

Nililiona. Alilifuta upesi, lakini nililiona. Mtoto wetu alikuwa ameambiwa ana ugonjwa usiopona, na baba yake alitabasamu kwa sababu ni wake. Sijamsamehe tabasamu lile. Ninapoandika haya anasahihisha makaratasi ya wanafunzi chumba cha pili, na bado sijamsamehe.

Nikamwuliza munganga, "Kwa hiyo mimi nasimama kwa sababu ya kile kinachomlaza mtoto wangu?"

Akasema, "Bibi, si kosa lako. Hukuchagua."

"Sikuuliza kosa. Nauliza kama ni hivyo."

Akakubali kwamba ni hivyo.

"Basi mama mkwe wangu alisema hivyo hivyo bila mashine."

Hakujua acheke au asicheke. Akaandika dawa. Kinini kila juma bila kukosa, chandarua, maji mengi ya kunywa, mtoto asipigwe na baridi, maana baridi nayo inaleta maumivu. Nikapiga hesabu pale pale: juu kwetu baridi, chini kwao homa. Nikamwuliza tukae wapi. Akatazama dirisha. Akasema karibu na hospitali. Kisha akaona alama ya makaa niliyoikuta imechorwa juu ya bandama ya mtoto, ambayo mufumu aliiacha kuonyesha mahali pa kukata, na sura ikambadilika. Alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amefanya. Mtoto huyu asichanjwe, akasema. Damu yake ni kidogo tayari, na kidonda kwake ni mlango wa kifo. Usikubali wembe.

Tukakaa kando ya barabara kungoja lori. Mama mkwe alikuwa amemlaza mtoto mapajani pake, anamfukuzia nzi. Bwana wangu akaniongelesha kwa Kifaransa ili mama yake asisikie. Akasema tusiwaambie nyumbani kwamba ni pande zote mbili. Tuseme ni damu ya upande wangu, kutoka kwa nyanya yangu, jambo la kawaida, Mungu amependa. Mama yake ni mzee, jambo hilo litamvunja.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe wameshakuzoea vile."

Nilimwangalia shati lake la kanisani. Kama ningesema ni mimi peke yangu, mwezi ungeandama na wembe ungekuja, na mimi ningekuwa kwenye lori la kupanda Mushaki na maziwa yanachuruzika kifuani. Alijua. Alikuwa mwalimu, alijua kujumlisha.

"Mnasema nini?" akauliza mama mkwe.

"Mtoto wako anasema lori limechelewa, Mama."

Jioni ile ile shemeji aliita nyumba yote barazani. Kasiksi ikaletwa, ikaonjwa, ikazunguka. Kabla bwana wangu hajafungua kinywa, mimi nilisimama. Mwanamke kusimama kwanza ni utovu wa adabu, najua. Nikachukua maharage yaliyokuwa katika mfuko uliotumwa na mama yangu, kwa maana kwetu hatupandi rangi moja, tunachanganya. Nikachagua meupe na meusi.

Nikaweka mbele ya bwana wangu moja jeupe, moja jeusi. Mbele yangu vilevile. Nikasema, "Hii njo damu yake. Hii njo yangu. Mwenye jeusi moja, homa inamuogopa. Munganga ameona kwa macho, na mimi nimeona kwa macho. Mtoto anachukua moja huku, moja huku, na hachagui. Shemeji, funga macho, uchukue moja kwake, moja kwangu."

"Miye nicheze bao ya watoto?"

"Chukua, shemeji."

Alichukua. Yote mawili meupe.

"Huyo ni mzima," nikasema, "lakini mbu wakimpata anatetemeka. Kama weye. Kama bibi yako alivyotetemeka. Yeye alikuja hapa na damu nzuri, njo maana ilimwangusha."

Shemeji akafungua macho. "Kumbe miye naugua juu ya kuwa niko mzima," akasema. Mtu mmoja akacheka nyuma.

"Chukua tena."

Akachukua moja jeusi, moja jeupe. Akachukua tena, na safari ile yakatoka yote meusi. Akayaweka juu ya kiganja, akayatazama muda mrefu.

"Huyu njo mutoto wetu," nikasema. "Moja ni langu. Lingine muulizeni ndugu yenu alilitoa wapi."

Wakamwangalia bwana wangu. Nilimngoja. Nilikuwa nimekata shauri kwamba akikana sitamtaja tena kama bwana wangu. Akasema, kwa sauti niliyoisikia kwa shida, "Ni kweli. Na yangu ilijikunja."

"Uongo ya muzungu," akasema mama mkwe. "Kwetu haikuwe."

Hapo shemeji, mkuu wa nyumba, aliyekuwa bado ameshika maharage yake mawili meusi, akasema polepole, kama mtu anayeongea na mkono wake: "Mama. Wale wadogo zangu wawili. Nilikuwa nawabeba mugongoni. Mikono yao ilikuwa vile vile."

Sikuwahi kusikia habari za wadogo wawili. Niligeuka kwa bwana wangu. Naye hakujua, alizaliwa baada yao.

"Nyamaza," akasema mama mkwe.

"Na macho yao. Na tukasema ni bibi mudogo wa Papa, muke mwenzako, aliwakula. Tukabomoa nyumba yake. Miye nilivuta majani ya paa, nilikuwa mukubwa kidogo." Akayafumba maharage ndani ya ngumi. "Kama ni hii ya kwenye damu, Mama, basi yule mama..."

"Nimesema nyamaza."

Mama mkwe aliondoka barazani, na kikombe chake kikabaki kimejaa. Kikao kikavunjika hivyo hivyo, bila neno la kufunga. Mimi nilikusanya maharage yangu.

Mwezi ulipoandama mufumu alikuja asubuhi, na koti lake. Nilikuwa nimejifungia ndani na mtoto, na mchi wa kutwangia mkononi. Kama angeingia ningempiga nao, nasema wazi. Nikamsikia mama mkwe akitoka kumpokea. Hakumkaribisha kiti. Alimwambia, "Rudia kwenu. Wembe hauguse huyu mutoto." Mufumu akauliza kwa nini. Akamwambia, "Juu nimesema." Wakati wa kuondoka alimpa kuku, kwa ajili ya safari yake ya bure, maana mufumu hafukuzwi mikono mitupu.

Shemeji naye alimwambia bwana wangu kwamba neno la mimi kurudi Mushaki limekwisha. Hakuniambia mimi.

Nilitoka nje nikamkuta mama mkwe anachambua mchele, kwa haraka, kama mchele umemkosea. Ningeweza kusema aksanti nikaenda zangu. Lakini nilikuwa na hasira ya miezi mingi, na hasira yangu haijui kufunga mlango. Nikasema:

"Kwa hiyo unakubali ni damu."

"Sikukubali kitu."

"Umemrudisha mufumu."

"Nimemurudisha. Kukubali ni ingine."

"Na yule mama mliyembomolea nyumba? Kama ni damu, hakula mtu. Mtu amtumie neno. Anakaa wapi?"

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Hapo nikamwona vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nilipofika. Alikuwa mwanamke aliyezaa watoto wenye mikono ya kuvimba kabla yangu, bila kioo, bila Kifaransa, akatafuta wa kumlaumu kama nilivyomtafuta mimi. Tofauti ni kwamba yeye alimpata.

"Alikufa," akasema. "Njiani, kabla afike kwao. Mvua ilikuwa mingi."

Niliinama nikaokota punje zilizodondoka chini ya ungo.

"Umeshapata mutoto wako," akasema. "Niachie wafu wangu."

Akarudi kwenye mchele. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda kuteka maji, kwa sababu munganga alisema anywe mengi.